Minazi ya Fahima

Tangu Alawiya wangu afariki, naogopa nikifa binti yetu Fahima atafukuzwa shambani kwetu Kipungani. Basi nikaenda mjini Amu kwa karani wa kadhi aniandikie wasia.

"Bwana Famau, mrithi haandikiwi wasia," akasema. "Mpe hiba sasa, ungali hai. Hati ya ardhi iko wapi?"

"Waulize wakubwa wako! Kila mwaka waja kuipima nti yetu. Wenye mahoteli wamepewa hati, sisi twaambiwa tungoje."

"Bila hati, ardhi ni ya serikali. Huwezi kuitoa hiba."

"Na minazi aliyoipanda mamake Fahima, nayo ni ya serikali?"

Akacheka. "Hiyo ni yako. Kwetu pwani mti na ardhi ni mbalimbali."

"Basi andika minazi yote, na mizizi yake."

"Mizizi imo ardhini, mzee."

"Najua. Andika."

Akaandika, nikatia dole gumba. Hiba haitimii mpaka mtu akabidhiwe, kwa hiyo nilirudi nikamzungusha Fahima shambani, akashika kila mnazi. Wakubwa wakiijia ardhi yao, waichukue bila kugusa mzizi hata mmoja. Si wamesoma? Watajua namna.