Mapozi Bado Yumo Gazetini

Shemeji yangu alizikwa Jumanne. Jumatano asubuhi alikuwa gazetini, ukurasa wa burudani, anagombana na fundi cherehani juu ya suruali.

Msishangae. Mume wangu ni mchora katuni, na huyo Mapozi anayemchora kila siku, kofia upande, tumbo mbele, mdomo haujui likizo, ni kaka yake wa damu. Hakumbadilisha hata jina, mtaa mzima ulikuwa ukimwita hivyo tangu ujana. Na mwenyewe alivyojivunia, we acha! Akiingia kwetu hapigi hodi, anaanza na malalamiko: "Mchoraji, pua ya leo umenionea. Nishtaki?" Halafu huyo, chumbani kwa mama yao, ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Anamsomea katuni nzima kwa sauti za watu wote, za kike na za kiume, mpaka mama wa watu anashika mbavu. Hiyo ndiyo ilikuwa chai yake ya asubuhi. Ile ya kikombeni ilikuwa ya kusindikizia tu.

Sasa, katuni haichorwi leo ikatoka kesho. Mume wangu hupeleka za wiki mbili kwa mpigo. Moyo wa Mapozi uliposimama ghafla, huko gazetini bado alikuwa na safari. Ya suruali haikumsumbua mume wangu. Iliyomnyima usingizi ni ya Alhamisi.

"Nimemlaza kwenye jeneza," aliniambia jikoni, mlango tumeurudishia, nyumba imejaa waombolezaji hadi kwenye ngazi. "Anajifanya amekufa ili asiende kwa wakwe zake. Mama akiiona hiyo, mke wangu, tutazika wawili."

Nikamwambia asipige simu, aende mwenyewe na macho yake mekundu. Akaenda. Mhariri alimpa kiti, akampa pole, akampa na maji. Kitu kimoja tu hakumpa.

"Kaka, kurasa za burudani huchapwa mapema. Za kesho zimeshachapwa na kufungwa, zinasubiri kurasa za habari tu."

"Weka hata tangazo la sabuni juu yake!"

"Juu ya nakala ngapi, kaka? Kwa mkono wa nani?"

Basi ikabaki mbinu ya wanyonge: kuficha. Alhamisi nikasimama mlangoni kama askari wa forodha. Kila anayeingia na pole mdomoni ana gazeti kwapani, maana walishazoea kumsoma marehemu kila asubuhi. Nikawa napokea pole, napokea na gazeti, nalisukuma chini ya sinki. Lakini kuzuia habari kwenye nyumba iliyojaa watu ni kuteka maji kwa tenga. Shangazi yao, mwili wa kujaza mlango, sauti ya kujaza mtaa, akanipita nikiwa nimeinama.

"Wifi!" nikamsikia chumbani. "Umemwona mwanao leo?"

Nilipofika gazeti lilikuwa mapajani mwa mama, limefunguliwa. Shangazi alikuwa ameshaiona picha.

"Mwiteni mchoraji aje anisomee," mama akasema.

Mume wangu akaja, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mapozi yuko nyumbani," akaanza, "amejipumzisha kidogo..."

"Hili ni jeneza." Kidole cha mama kilikuwa juu ya picha. "Herufi ndizo sizioni. Jeneza naliona. Soma."

Akasoma. Kwenye katuni, mke wa Mapozi analia. Wakwe wanasema alikuwa mtu wa watu, mpole, hana makuu. Aliyasoma makavu, kama mtu anayesoma bili ya umeme.

"Kaka yako hasomi hivyo. Wakwe wanaongelea puani."

Akajaribu sauti ya puani. Ikamkatikia njiani.

"Na hapa mwisho kainuka. Anasema nini?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Ningemsaidia nini?

"Anasema... 'Na chai yangu amekunywa nani?'"

Mama hakucheka, hakulia.

"Mpeni," akasema.

Shangazi, ambaye hatumwi na mtu, akamimina kikombe, akakiweka kwenye stuli. Tukabaki tunaangalia mvuke. Hakuna aliyethubutu kukinywa, hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Na kesho?"

Mume wangu akalikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kesho yuko kwa kinyozi, mama."

"Afadhali. Nywele zilishamzidi. Uje mapema unisomee."

"Nitakuja."

Sebuleni mtu aliangua kicheko, wenzake wakamziba mdomo. Kumbe kuna gazeti lililonitoroka. Mume wangu hata hakugeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono mmoja kauficha mgongoni, akihesabu kwa vidole katuni zilizobaki kwa mhariri. Akamaliza vidole vya mkono ule, akasita, akaanza upya kutoka kidole gumba, taratibu zaidi, labda zingeongezeka.