Hewa ya Shavuni

...na isitikisike, hasa hapa, hapa ndipo hutikisika kila mara, pale hewa ya kifuani inapoelekea kuisha na shavu linashika zamu, ulimi unasukuma kwa nyuma taratibu kama mtu anayesogeza kabati watoto wamelala, pua inavuta, chap, na sauti imebaki palepale, nyembamba, imenyooka, haikushuka, vizuri, nyingine tena, jaza mashavu, usikaze shingo, na mwongozaji kule mbele hata hamtazami, amewageukia wapiga fidla na kile kijiti chake, wanamwita Kijiti kwa sababu hiyo na kwa sababu ya miguu yake, anawaambia, "Ninyi mnaingia kama watu wanaowahi chakula, ingieni polepole, filimbi endelea, usikate, nataka wasikie wanapoingilia," na filimbi ni yeye, ameishika noti hiyo moja tangu ukurasa ulipoanza na ataishika mpaka uishe, ndivyo mtunzi alivyoandika, mstari mrefu usio na mahali pa kupumulia, na katika okestra nzima hakuna mwingine anayeweza kuvuta kwa pua huku anapuliza kwa mdomo, kwa hiyo asubuhi angewaambia nauguza, baba yangu yuko mahututi, wangehangaika lakini wangemruhusu, hakusema, alikuja akaketi akafungua sanduku akaunga vipande vya filimbi kama siku zote... na simu inatetemeka tena, ndani ya mkoba, chini ya kiti, kwenye sakafu ya mbao inanguruma kama nzi aliyefungiwa koponi, na mwenzake wa filimbi ya pili, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, anaangalia chini, anamwangalia yeye, anaangalia chini tena, na yeye macho yake hayabanduki kwenye karatasi isiyo na cha kusoma, noti moja na mkia wake, kwa sababu anajua ni nani, ni mdogo wake, nani mwingine hupiga na kupiga bila kuchoka, yuko hospitali, kwenye korido ile yenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, amesimama, akiwa na wasiwasi huwa haketi, na ikiwa safari hii hapigi kuuliza, ikiwa anapiga kuarifu... hapana, shavu, ulimi, pua, chap, mtu mwenye filimbi mdomoni haulizwi kitu, na hilo, akijisema ukweli, ndilo lililomtoa nyumbani leo, wala si onyesho la jioni, alitaka mahali ambapo hatatakiwa kujibu.

Baba angemcheka, baba alikuwa sonara, ni sonara, bado ni, usianze kusema alikuwa, karakana yake ilikuwa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na yeye kwenye kigoda, bomba la shaba mdomoni, anapuliza, ulimi wa moto unatoka kwenye taa ya spiriti, anaulaza juu ya pete mpaka lehemu iyeyuke na kukimbilia kwenye ufa, moto ukilegea lehemu inagoma, kwa hiyo haukulegea, mashavu ya baba yalivimba yakabaki yamevimba na pua ikafanya kazi yake pembeni, watoto wa mtaa wakija kuchungulia dirishani na kumwita Chura, hakuweza kuwajibu, aliwakonyeza tu kwa jicho moja, moto umesimama wima, na moshi wa lehemu ukipanda taratibu kuelekea hukohuko puani, miaka nenda miaka rudi, kila pumzi aliyoivuta ili moto usilegee aliivuta kutoka mezani pale pale, lakini nani aliwaza hayo, wao waliona pete tu, waliona ada ya shule... shavu, pua, chap, hiyo ilitikisika, kidogo, Kijiti hakusikia, anaimba kipande cha fidla kwa sauti yake mbovu ili wamfuatishe, endelea, na ni baba aliyemfundisha, maana chuoni walimpa mrija na bilauri ya maji, apulize mapovu yasikatike, na kwa mrija aliweza, mrija unabana hewa, filimbi haibani chochote, tundu liko wazi kama mlango wa sokoni, hewa inamwagika na noti inakufa, akarudi nyumbani likizo analia kama mtoto mdogo na mtu mzima yule, na baba akamshika mkono akampeleka kwenye sinki, "Jaza maji mdomoni. Sasa yatoe polepole, uzi mwembamba, kama bomba lililochakaa. Na huku unatoa, nusa." "Ninuse nini?" "Nusa mama yako amepika nini," na yeye akanusa, akapaliwa, maji yakamtoka puani yakamlowesha hadi kiunoni, na baba alicheka akacheka mpaka akakohoa, akakohoa ameshikilia sinki kwa mikono miwili, na hakuna aliyekitilia maanani kile kikohozi, kikohozi cha baba kilikuwa sauti ya nyumba, ukikisikia umejua yupo.

"Simu yako," mama wa filimbi ya pili ananong'ona, amemwinamia mpaka miwani inamgusa bega, "inapigwa na kupigwa. Nipokee?" na afanyeje, atikise kichwa midomo ihame, afumbe macho, kufumba ni ndiyo au hapana, anafumba, anafumbua, na yule mama amekwisha kuinama, mkono mkobani, anatoka na simu kwa mlango wa pembeni akitembea kwa vidole vya miguu kama mtu aliyechelewa ibada, na kiti kilicho wazi pembeni sasa kinaleta ubaridi upande ule... vuta, chap... kifua kinauma, kimeanza, huja wakati kama huu, watu wakimwuliza jinsi inavyokuwa hudhani anakosa hewa, hapana, hewa ipo tele, kifua kimejaa mpaka mbavu zimepanuka, ila ni hewa chakavu, ya pumzi ya kwanza, ya pili, kila chap inaingiza kidogo juu ya ile ya zamani na ile ya zamani haijapata nafasi ya kutoka, umejaa na unazama, kichwa kinakuwa chepesi, ncha za vidole zinawasha, na tamaa inayokushika si ya kuvuta hata kidogo, ni ya kutoa, kutoa yote, haa, kama mtu aliyetua gunia... na daktari, daktari alisema hivihivi, kijana mpole, aliwasimamisha yeye na mdogo wake karibu na dirisha, akakunja ngumi, akaifungua nusu, akaikunja, akaifungua nusu, "Mnadhani shida yake ni kuingiza hewa," alisema, "hewa inaingia. Haitoki. Mapafu yamelegea kama puto la juzi, kila pumzi inamwachia nyingine ndani," na yeye akaitikia kwa kichwa kama mjuzi, yeye anayekula kwa pumzi, akauliza, "Na mashine?" "Mashine itamsukumia. Inaweza kumvusha. Ila mapafu ya namna hii kuyatoa kwenye mashine ni kazi kubwa, mama, wengine hawatoki," akaitikia kwa kichwa tena, hakuelewa kitu, alisikia lile la kumvusha tu, mengine aliyaacha yapite.

Lakini baba alielewa, baba hakuhitaji kuonyeshwa ngumi, ilikuwa nyumbani, mvua inanyesha, amekaa kwenye kiti ameelemea mezani, mto kaukumbatia mbele kama mwanafunzi anayesinzia darasani, maana akilala chali anazama, na alikuwa akiongea neno, pumzi, neno, pumzi, "Mama," alimwita mama tangu alipozaliwa kwa kuwa alirithi jina la bibi, "lile dude... la kooni... wakitaka kunitia... kataa." "Baba, hatujafika huko." "Tutafika. Wewe ndiye mkubwa. Mdogo wako... ana moyo wa siagi." Akapumzika, midomo ameibana kama anataka kupiga mluzi, ndivyo walivyomwelekeza atoe pumzi, mashavu yakavimba kidogo, yale yale mashavu, akasema, "Mimi nimepuliza... basi," akatabasamu kwa maneno yake mwenyewe, na yeye alijibu nini, alisema, "Sawa, baba," upesi, kama unavyomkubalia mtoto ili alale, akauliza aongeze sukari kwenye chai... na asubuhi ya leo, amesimama jikoni, simu sikioni, ufunguo wa gari mkononi, mdogo wake anasema, "Dada, wamemhamisha chumba. Wanataka ruhusa wamtie mpira kooni, mashine impumulie. Nimewaambia baba hakutaka." "Wamtie." "Dada?" "Nimesema wamtie. Au wewe unataka afe?" na kwenye simu ukasikika mkokoteni wa chakula ukipita kwenye korido, magurudumu yake yanalia, kisha, "Sawa, dada," kwa sauti ya utotoni, ile ya kuchapwa kwa kosa la mwingine, na huyo ndiye aliyelala pale kwenye korido siku zote hizi, ndiye amfutaye baba jasho, amwinuaye, na yeye huja na matunda anakaa kidogo anaangalia saa... chap, mbaya, ilishuka, ilishuka wazi, na Kijiti ameinua nyusi upande huu bila kugeuka, "Filimbi, uko sawa? Endelea, endelea, kidogo tu, fidla za pili peke yenu," endelea, wote humwambia endelea.

Na mlango wa pembeni unafunguka, yule mama anarudi kwa vidole vyake, uso wake umebadilika, si uso wa msiba, ni wa mtu aliyebebeshwa kitu cha mtu mwingine, anaketi, anakaribia, "Ni mdogo wako. Kuhusu baba yenu," anasita, "anasema daktari amesimama mbele yake. Anasema hatatia sahihi mpaka alisikie tena lile neno kwako. Anasema baba ana fahamu, amemwuliza kama umefika. Yuko kwenye simu, hajakata," na anaiweka simu pajani mwake mwenyewe, mwanga wake juu, kwa hiyo yu hai, anamwulizia, na mdogo wake huko anaisikia hii noti, inapita kwenye simu inaingia kwenye korido ile, haiulizi haijibu, inamsubirisha, na baba pale na kifua chake kimejaa, umbali wa dakika chache kwa gari, mtu mwenye fahamu zake anayetaka kutua gunia na binti yake mkubwa anataka asukumiwe jingine juu, na kwa nini, sema kwa nini, kwa kuwa baba anaogopa? baba alikwisha kumaliza kuogopa siku ile mezani, ni yeye, ni yeye asiyeweza kuingia ndani ya nyumba isiyo na kikohozi, mama alikwisha kutangulia, baba naye akiondoka hakuna tena aliye mbele yake, anayefuata mstarini ni yeye, hakuna atakayemwita mama kwa utani, na kwa hofu hiyo alikuwa tayari kumpa baba mpira kooni na kumtupia mdogo wake lile neno... mashavu yanasubiri kujazwa, ulimi umejiweka, pua imejiandaa, na hajazi, anaacha, sauti ipo bado, imenyooka bado, ila sasa inatoka kifuani moja kwa moja, ile hewa ya zamani inaanza kutoka, ya ukurasa mzima, mbavu zinashuka, hakujua zilikuwa juu kiasi hicho, kuna nyingi, itachukua muda, Kijiti anainua mkono na fidla zinaingia, safari hii polepole kama alivyotaka, yule mama anashika simu kwa mikono miwili, na yeye anapuliza bila kuvuta huku maneno yanajipanga, machache, ya kusema mara midomo itakapokuwa huru, wasimtie, mdogo wangu, mwinue akae, mpe mto aukumbatie, kaa nyuma yake umshike mbavuni, mwambie niko njiani, na kama akitangulia kabla sijafika usinifiche, na lile neno la asubuhi lilikuwa la hofu yangu, si lako.