Nani Alimlaza Marijani?

Siku baba yangu alipotolewa nyumbani kwenda kuzikwa, aliyeharibu msiba alikuwa Kasimiri Mnyamwezi, na aliuharibu kwa kumsifu marehemu. Nitaeleza, ingawa mwenyewe nilikuwepo na bado kichwa kilinizunguka kwa wiki kadhaa.

Baba yangu Marijani alikuwa kuli bandarini. Hakuacha nyumba wala shamba. Tulikuwa wapangaji Temeke, mimi na yeye, tangu nilipoachika nikarudi kwake nikawa nakaanga samaki barazani. Alichoacha ni mkono wake. Miaka ile baada ya Uhuru wanaume wa mtaa wetu walikuwa na ugonjwa wa kulazana mikono. Viwiko vinakaa juu ya pipa, viganja vinashikana, na mkono utakaolala ndio ulioshindwa. Kila Sabasaba pipa liliviringishwa mpaka mbele ya ofisi ya tawi la TANU, ngoma zikapigwa, na watu wazima wenye wake na watoto wakatokwa na mishipa ya shingo kwa ajili ya kuku mmoja.

Wenye heshima zaidi walikuwa wale wa uzito wa juu. Hao walipimwa kwenye mizani ya dukani, mtu upande huu na gunia la mchele upande ule. Kama gunia halikunyanyuka, ulirudishwa kwa wepesi ukalazane na mafundi cherehani.

Kulazana kulikuwa mara moja kwa mwaka, lakini kubishana nani mkali zaidi kulikuwa kila siku. Baraza la ubishi lilikuwa kwa mzee Mfaume, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa kila jambo liwe na azimio. Yeye alimshikilia Kondo, mchinja ng'ombe wa Kawe, aliyekuwa na shingo nene na maneno machache. Salumu kinyozi alimshikilia Didas, mchoma mkaa wa Segerea, akisema hakuna mkono wa kushoto kama ule pwani nzima. Watabishana mpaka kahawa ipoe, kisha mmoja atauliza, "Na Marijani je?" Hapo ubishi unakwisha. Kondo alilazwa na Marijani. Didas alilazwa na Marijani, kulia na kushoto. Na Marijani hakuna aliyemlaza.

Hakuna, isipokuwa Kasimiri, ukimsikiliza yeye.

Kasimiri alikuwa kuli mwenzake baba, na ni Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Wazaramo. Anayejua utani wetu na Wanyamwezi anajua kwamba mtani wako atakuita mwizi mbele ya wakwe zako na wewe utacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Basi kila akipita kwetu, Kasimiri alipaza sauti: "Yupo yule Mzaramo niliyemlaza mkono? Bado unamuuma?" Mtaa mzima unaangua kicheko. Baba naye anacheka, anajishika mkono na kulia kama mtoto. Alisema hivyo miaka na miaka, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba Marijani hajapata kulazwa. Nani atachukua ushahidi kwa mtani?

Baba alipokufa, Mfaume aliitisha mkutano wa mtaa, na ikakubaliwa kwamba shindano la Sabasaba sasa liitwe Kombe la Marijani, kwa kuwa ndiye peke yake ambaye hakushindwa. Nilipoletewa habari nililia kuliko nilivyolia alipokata roho. Mtoto wa kuli hana cha kurithi. Mimi ningerithi jina lililoandikwa kwa chokaa kwenye pipa, na lilinitosha.

Siku ya mazishi tulikuwa tunamngoja Kasimiri. Msiba wa Mzaramo bila mtani ni chakula bila chumvi. Tulijua atakachofanya: atajilaza mlangoni kuzuia jeneza, atadai kuku, atasema marehemu anajifanya kufa ili asirudiane naye. Wanawake tuliokuwa ndani tulikuwa tumeshaanza kutabasamu huku machozi yanatutoka, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani, kukupumzisha kidogo.

Akaja. Akasimama mbele ya jeneza, akavua kofia, akasema kwa sauti ndogo:

"Marijani hajawahi kulazwa na mtu. Mie sikumlaza. Nilikuwa nasema uongo. Mkono kama huu hatutauona tena."

Kisha mmoja akacheka, na wa pili, halafu uani kote watu wakavunjika mbavu. Kasimiri akabaki ameduwaa, kofia mkononi. Jeneza likatoka. Na mimi, dirishani, nikamsikia Mfaume akimnong'oneza Salumu: "Umesikia? Mtani akisifu, ujue anakejeli. Kumbe yule bwana alilazwa!"

Kuanzia hapo ikawa vurugu. Matanga hayajaanuliwa, mkeka bado umetandikwa, na wao wamekaa wanachambua.

"Mtani husema kinyume," alisema Mfaume. "Alipokuwa anasema kamlaza, maana yake hakumlaza. Sasa anasema hakumlaza. Maana yake nini?"

"Maana yake kamlaza," alisema Salumu.

"Lakini kasema pia kwamba zamani alikuwa anasema uongo."

"Na hilo nalo ni kinyume. Kwa hiyo zamani alikuwa anasema kweli."

"Kama zamani alikuwa anasema kweli, basi yeye si msema kinyume. Na kama si msema kinyume, basi hata la juzi ni kweli, hakumlaza."

Salumu alihesabu kwa vidole, akapotea. "Hebu anza tena mwanzo, mzee."

"Fumbo mfumbie mjinga," Mfaume akasema, "mwerevu huligangua." Lakini niliona wazi kwamba haligangui.

Nilitoka na mwiko mkononi. "Huu ni msiba wa baba yangu au darasa la hesabu?"

"Pole, Tunu mwanangu," Mfaume akasema, "ila jambo hili linagusa tawi. Hatuwezi kuandika jina kwenye pipa kisha ije kujulikana alilazwa. Kombe lisubiri mpaka ukweli ujulikane. Salumu hapa anasema tuliite la Didas."

"Didas aliyelazwa mikono yote miwili!"

"Angalau tunajua alilazwa," Salumu akasema, na akaonekana anaamini amesema jambo la maana.

Nikaona kwamba nikikaa pale nitampiga mtu na mwiko. Nikajitanda khanga, nikaenda kwa Kasimiri.

Nilimkuta uani kwake, ameketi kando ya kinu kilichopinduliwa, anakata tumbaku. Mkewe Anastasia alinipa pole, akaniwekea kigoda.

"Shikamoo, Baba Yuliana."

"Marahaba, mtoto wa mla nazi."

"Leo sikuja kutaniana."

"Basi umekuja kwa mtu siye."

"Nataka uniambie. Ulimlaza baba yangu au hukumlaza?"

"Si nilisema pale mlangoni?"

"Nilisikia. Na miaka yote nilikusikia ukisema vingine. Lipi la kweli?"

Akaendelea kukata tumbaku. "Nikikwambia, utaniamini?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini utani unarithiwa. Mtani wa baba ni mtani wangu, na tangu nilipojua kuongea sijawahi kuliamini hata neno moja la mtu huyu. Aliwahi kunidanganya kwamba Tabora mbuzi wanataga, nikaenda kuwasimulia watoto shuleni.

"Jaribu," nikasema.

Akaangalia mlango wa jikoni, alikorudi Anastasia. Akashusha sauti.

"Nilimlaza. Hapahapa, juu ya kinu hiki. Ilikuwa tumetoka kumzika Yuliana wetu. Unamkumbuka Yuliana?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na mtaani hatukuacha kumwita Kasimiri Baba Yuliana.

"Mie nilikuwa sili, sisemi. Walikuja watani wote, wakaruka, wakaimba, sikucheka. Halafu akaja baba yako. Akakigeuza kinu, akaweka kiwiko, akanambia, 'Mnyamwezi, njoo nikulaze, labda utalala usingizi.' Nikaona hasira. Mtoto wangu yuko chini ya udongo na huyu anacheza! Nikamshika. Na hasira ile yote, Tunu, ikaingia mkononi. Nikamlaza. Nikacheka mpaka Anastasia akatoka kuangalia. Siku ile ndiyo nilikula. Nikawa kila asubuhi nikiamka najiambia, wewe mtu uliyefiwa, wewe pia ndiye uliyemlaza Marijani. Inuka uende kazini."

"Na mlangoni?"

"Mlangoni nilisema uongo. Nilisikia habari za kombe, nikataka azikwe na jina lake lote. Uongo mmoja tu niliomtolea rafiki yangu, tazama ulivyoniharibikia."

Nilikuja kutafuta jina la baba, na sasa nimepewa ukweli unaolifuta, na mbaya zaidi niliona kwamba hatanii. Nikakasirika. Nikaweka kiwiko juu ya kinu.

"Sikuamini. Nioneshe ilivyokuwa. Wewe uwe baba, mimi niwe wewe."

Alisita, kisha akanishika. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimekatikakatika kwa kamba za magunia.

"Tulianza hivi," akasema, "hakuna anayekwenda. Akanisukuma mpaka hapa, nikasema nimekwisha. Halafu, tazama, kidole chake cha mwisho kikatoka, kikasimama peke yake, hivi. Nikajua nguvu zimemwisha. Akavuta pumzi puani. Mkono ukaanza kutetemeka, ukaenda chini polepole, polepole, akasema, 'Lahaula.'"

Mkono wake ukalala juu ya kinu chini ya wangu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Kidole kile! Pumzi ile! Sikujizuia, na laiti ningejizuia.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa ananifanyia mie!" nikasema. "Nilipokuwa mdogo, tukicheza jioni. Alianza kukitoa kidole cha mwisho, akavuta pumzi, akatetemeka, 'Lahaula,' halafu nikamlaza. Kila siku nilimlaza. Nilikuwa bado na meno ya utoto, na nilijiona bingwa!"

Nilikuwa nimeshasema. Nilipomtazama, Kasimiri alikuwa anauangalia mkono wake pale ulipolala, kama vile si wake.

"Kidole hikihiki?" akauliza.

Nikavuta khanga begani.

"Na Lahaula?"

"Baba Yuliana, labda siku ile ilikuwa kweli. Labda kidole kilichoka."

Akatikisa kichwa. Makuli wanaujua mkono uliochoka. Huo hufunguka wote. Aliuondoa mkono wake chini ya wangu, akauweka mapajani, akaufunika kwa mwingine. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Baba yangu hakulazwa na mtu yeyote, na uongo wa mlangoni kumbe ulikuwa kweli tupu. Lakini sikujua nishangilie au nimwombe mzee yule radhi, maana ushindi wake ulikuwa mmoja tu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

"Mshenzi yule," akasema hatimaye. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Mzaramo mshenzi yule. Alikuja msibani kwangu kufanya kazi ya mtani, na aliifanya vizuri mpaka sikujua imefanyika."

Nikarudi nyumbani. Barazani wakaniuliza nimeambiwa nini. Nikafikiri: nikisema Kasimiri hakumlaza, watauliza nani kasema; nikisema Kasimiri, watacheka, na Mfaume ataanza tena mwanzo. Nikawaambia wanipishe, samaki wanaungua.

Siku ya arobaini ilifika. Hitima ilisomwa, sinia za pilau zikatolewa, na watu wakakaa wanakula kwa adabu, huku najua kila mmoja tumboni ana swali lile lile. Mfaume alikuwa ameshapata chokaa na brashi, na alikuwa bado hajui aandike nini.

Ndipo sauti ikasikika kutoka njiani, kubwa kama ya zamani:

"Yupo wapi yule Mzaramo niliyemlaza mkono? Kajificha kaburini, eti? Mwambieni atoke turudiane!"

Kasimiri akaingia uani, mkono wa shati umekunjwa, anauonesha msuli wake kwa wanawake. Akamfuata Mfaume, akamwekea kiwiko mbele ya sinia. "Nilimlaza! Nilimlaza kama mtoto! Andikeni jina langu kwenye pipa!"

Vicheko vilivyotoka vilifukuza kuku. Mfaume alipangusa machozi kwa kanzu.

"Sasa huyu ndiye mtani wetu!" akasema. "Siku ile alikuwa na homa. Basi, jambo limekwisha, hajalazwa. Azimio ni lile lile, Kombe la Marijani."

Hata Salumu aliridhika. Hakuna aliyeuliza tena, na jina likaandikwa jioni hiyo hiyo.

Nilimpelekea Kasimiri sahani yake mwenyewe, nyama nyingi juu. Alikuwa amekaa pembeni ukutani, shati ameshalishusha. Nikainama nimwambie ahsante.

"Usinishukuru," akasema kwa sauti niliyoisikia mimi tu. "Miaka yote ile nilidhani nasema kweli. Leo ndiyo mara ya kwanza ninamtania baba yako."

Kisha akaniomba pilipili.