Mabakuli Mawili ya Siagi

Sikukuu ilikuwa imekwisha, wageni wameshakwenda zao, na kwenye friji ya duka la keki yalibaki majagi mawili ya krimu na mabakuli mawili ya siagi ya asali. Siagi moja ilitiwa vanila, ya kupaka mkate. Nyingine ilitiwa kitunguu saumu kilichochomwa kikasagwa laini, ya kupaka kuku. Rangi moja, utamu mmoja, chumvi ile ile, na mabakuli yenyewe yalinunuliwa siku moja. Mtu mwenye pua angezitofautisha akiwa bado mlangoni. Bi Mizani alisimama mbele ya mabakuli hayo, mikono kiunoni, na hakujua ipi ni ipi.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hapiki bila kupima. Sukari mizani, unga mizani, hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili lazima ipite kwenye mizani. Watu walicheka wakasema mama huyu ana mkono wa birika. Wangejua! Miaka sita nyuma mafua makali yalimlaza wiki tatu, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Tangu hapo hakusikia harufu ya kitu chochote, si ya waridi wala ya choo. Ulimi ulimbakishia tamu, chungu, chumvi na uchachu, basi. Mengine yote aliyafanya kwa mizani, kwa saa na kwa mume.

Mume ndiye aliyekuwa pua yake. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na kila asubuhi alikaa kwenye stuli kando ya friji na gazeti lake, mpaka majirani wakambandika jina la Mkaguzi. Walidhani ni mvivu anayependa joto la oveni. Kumbe kazi anayo! Mkewe akipitisha bakuli karibu naye, akiendelea kusoma, kitu ni kizima. Akikunja gazeti, kimeharibika. Binti yao anayeuza kwenye kaunta hakuambiwa, wala mtu mwingine. Ilikuwa siri ya wawili, na Bi Mizani aliipenda kuliko hata pete yake ya ndoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Ila kifo kilichotaka kumuumbua yeye hakikuwa chake. Mkaguzi alizikwa miezi miwili kabla ya sikukuu, na wiki ile ile ya msiba binti alimwambia, "Mama, upumzike sasa. Nitatafuta fundi wa kunisaidia."

"Nipumzike, kwani mimi mgonjwa?" alimjibu, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

Moyoni alijua. Siku ikijulikana kwamba hasikii harufu, atapelekwa nyumbani akae kwenye kochi, atazame kiti kitupu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hilo lilimtisha kuliko kufa. Kwa hiyo akajikaza. Akapanga kila kitu mahali pake, akaonja kwa ncha ya ulimi, akahesabu siku za maziwa kwa vidole, na ajabu ni kwamba miezi miwili mizima hakuharibikiwa hata mara moja. Maziwa yenyewe hayakuchacha. Akadhani muuza maziwa ameanza kumwogopa Mungu.

Sasa jana alisafisha friji. Alitoa kila kitu mezani, akapangusa, akarudisha, na asubuhi hii hakukumbuka bakuli lipi lilikaa kushoto. "Ewe mwanamke," alijisemea, "si ungeandika?" Lakini miaka yote hawakuandika. Ya nini kuandika, na Mkaguzi yupo?

Binti alikuwa amekwenda kurudisha masinia ya kukodi. Aliacha neno mlangoni: "Mama, krimu na siagi tusizitupe. Fanya keki ndogo, tuziuze leo leo." Bi Mizani angeweza kumsubiri. Angeweza kusema maneno mawili tu, njoo unuse. Badala yake akaonja bakuli la kwanza, akaonja la pili, akarudia la kwanza. Asali tupu. Akapiga moyo konde, akachukua la kushoto.

Siagi aliipiga na sukari mpaka ikawa nyeupe, akatia mayai moja moja, akachekecha unga, na mahali pa maziwa akamimina jagi moja la krimu baada ya kuhakikisha kwa ulimi kwamba halijachacha. Keki arobaini na nane zikaingia oveni. Zikapanda vizuri, zikaiva rangi ya asali, ungeziona ungezila kwa macho. Akazipanga kwenye trei huku roho i juu.

Binti aliporudi hakuvuka kizingiti. Mama yake aliona matundu ya pua yake yakitanuka.

"Mbona umesimama? Ingia, zimeiva."

"Mama, umetumia bakuli lipi?"

"La vanila. Kwani ulitaka nitumie lipi?"

Binti aliweka funguo mezani. Akachukua keki moja, akaiuma, akatafuna polepole, akameza. "Tamu, mama."

"Tamu?"

"Tamu sana."

"Basi imalize."

Na akaimaliza, jamani! Keki nzima ya kitunguu saumu, tonge kwa tonge, machozi yakimlengalenga, asibakishe hata chembe. Bi Mizani alimtazama mpaka mwisho, na hapo akajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba amekosea bakuli, na kwamba mwanawe anajua.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Nani?"

"Baba," alisema binti. "Kule hospitali, siku tatu kabla hajatutoka. Alisema, mama yako hasikii harufu, na hatakwambia hata umchome moto. Akaniomba nikuangalie."

"Na maziwa?"

Binti aliinamisha kichwa. "Kila siku nafika nusu saa kabla yako. Yaliyoharibika namwaga, naweka mengine. Leo nilidhani unajua kila bakuli liko wapi."

Bi Mizani alikaa kwenye stuli. Hasira ilimpanda, wala haikuwa ya binti. Alimkasirikia marehemu. Miaka sita walikuwa na kitu chao wawili, naye akakigawa kitandani pale bila hata kumuuliza. Na hii miezi miwili aliyojisifu kimoyomoyo kwamba ameweza peke yake, kumbe hakuweza hata siku moja. Alilia kwa sauti, aproni usoni, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka.

"Fundi sikutafuta, mama, na sitatafuta," binti alisema, akimshika bega. "Nataka mikono yako. Pua ninayo mimi."

"Basi nisikilize." Bi Mizani alijipangusa. "Pua yangu haiwezi kuwa na huruma. Baba yako alinikunjia gazeti hata siku nilipompikia keki ya kuzaliwa kwake, mshenzi yule, Mungu amrehemu. Kitu kikiwa kibaya, sema kibaya, na usikile. Usinidanganye tena hata kwa kunionea imani. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Bi Mizani alimtazama kidogo, kisha akavuta mkoba wake, akatoa sweta ya bluu ya mumewe.

"Nalala nayo hapa usoni tangu tumzike," alisema. "Wajane wenzangu wananiambia harufu ya mtu hubaki kwenye nguo yake, hata mwaka. Mimi kila siku najiambia ipo, ila tu siipati. Nusa."

Binti aliipokea kwa mikono miwili, akazamisha uso. Akanusa kola, akanusa makwapa, akaigeuza nje ndani akaanza upya. Alipoinua uso, Bi Mizani aliliona neno "ipo" likiwa tayari mdomoni mwake, na akaona alivyolimeza.

"Sabuni, mama," alisema. "Inanuka sabuni tu. Uliifua."

Bi Mizani alikumbuka beseni la wiki ile ya msiba, povu limejaa, na mikono yake mwenyewe ikisugua. Aliichukua sweta, akaikunja vizuri, akairudisha mkobani. Akakaa mpaka pumzi ikamrudia. Halafu akainuka, akafungua friji, akatoa jagi la pili la krimu na kulisogeza mbele ya mwanawe.

"Haya," alisema. "Na hii?"