Nilimzika Mama Yangu kwa Simu

Walisema wametolewa wawili, wamefunikwa shuka. Hivyo tu. Hakuna aliyesema ni nani, hakuna aliyesema saa ngapi, ila shuka ilitajwa, na hiyo shuka ndiyo iliyonimaliza. Mimi nafanya kazi kwenye dobi ya hospitali, huu ni mwaka wa kumi na sita. Shuka za wodini zinaletwa kwenye vigari, na zile zilizofunika watu ambao hawakuamka zinaletwa kwenye mfuko wake peke yake, wenye kamba nyekundu. Mwingine akisikia shuka anaona kitanda. Mimi naona kamba nyekundu.

Nawaandikia nyinyi wazazi ambao watoto wenu wanaingia mtihani wa mwisho wa jeshi la wanamaji. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Na msinionee huruma, sijaja kuombewa. Nimekuja kuwaambia nilichofanya, ili mtu mwingine asikifanye.

Binti yangu tunamwita Nahodha tangu akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa hakubali mtu mwingine apange nani alale upande gani wa kitanda. Alipochaguliwa kuingia mafunzo, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliuliza mtoto wa kike anakwenda kuogelea na bunduki ili iweje. Nikamjibu kwamba wa kiume tuliowapeleka nao hawakuzaliwa na mapezi.

Siku ya kumpeleka, pale getini walitupa karatasi. Nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ilisema simu za makuruta zinafungiwa. Ilisema mtihani wa mwisho ni siku moja na nusu, ndani ya jengo lililotengenezwa kama tumbo la meli. Kuna chumba cha moshi, kuna vyumba ambavyo maji yanapanda mpaka kifuani, na wao wanaziba matobo na kutoa majeruhi. Akimaliza, kuruta anapewa simu kwa dakika moja kupiga nyumbani. Na chini kabisa palikuwa na namba ya ofisa wa zamu, imeandikwa: ni kwa msiba tu.

Mtihani wake ulianza Alhamisi alfajiri, uishe Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa saa mbili asubuhi ndipo yale maneno ya shuka yakaingia kwenye kundi letu la wazazi la simu. Mtu fulani alikuwa amepita na baiskeli nyuma ya uzio wa kambi, akaona machela mbili zinatolewa mbio, kila moja ina mtu amefunikwa mpaka kichwani. Kufika saa tatu wale wawili walikuwa wamekuwa watatu, na mmoja alikuwa msichana.

Nilikuwa kwenye mashine kubwa ya kunyooshea. Shuka inatoka upande wa pili ina moto, watu wawili wanaidaka kwenye ncha, wanarudi nyuma, wanakutana katikati, wanakunja. Nilikuwa na mwenzangu tunayemwita Mama Foronya, kwa vile alianzia kwenye foronya na hakuna aliyemsamehe. Kila shuka ikawa inaniponyoka. Akaniuliza kama leo nakunja au napigana. Nikamwonyesha simu. Alisoma, akanirudishia, akasema mwenye baiskeli huwa anaangalia barabara, huyu alikuwa anaangalia nini.

Ningemsikiliza yeye. Lakini wifi alishapiga mara tano, na ya sita nikapokea. Alikuwa na akili yake tayari. Nipige ile namba ya ofisa, niseme bibi yake mtoto amefariki. Wakisikia msiba lazima wamlete kwenye simu. Nikishaisikia sauti, moyo unatulia, halafu nasema samahani, tulichanganya habari, ni bibi wa jirani. Nikamwambia hilo haliwezekani, mama yangu mimi yuko hai, tena asubuhi hii kagombana na muuza maziwa.

"Wewe ni mama wa namna gani," akasema, "unasimama kunyoosha mashuka ya watu na hujui kama mwanao anapumua?"

Nikaenda nyuma ya mashine za kukaushia, kwenye kelele, nikapiga. Ilikuwa saa nne kamili.

Ofisa alikuwa mtu wa adabu. Alinipa pole ndefu kuliko niliyopewa na ndugu wengine siku nilipofiwa kweli. Akauliza jina la kuruta na uhusiano wake na marehemu. Kisha akasema, "Mama, nikimtoa sasa hawezi kurudi ndani. Atarudia mtihani wote na kundi linalofuata, baada ya miezi mitatu. Nimtoe?"

Nilisikia. Msije mkasema sikuambiwa. Nilisikia kila neno, na nikasema mtoe.

Nilisubiri dakika ishirini, simu sikioni, mgongo kwenye bati la moto. Halafu nikasikia mtu anahema, na maji yanadondoka sakafuni.

"Bibi amefariki saa ngapi?" akauliza Nahodha.

Nilikuwa nimeshapanga uongo wa pili, ule wa jirani. Haukutoka. Nikamwambia bibi ni mzima, mimi nilitaka kusikia sauti yake tu.

 Maji yakaendelea kudondoka. Kisha akasema, "Mama, nilikuwa nimebakiza chumba kimoja."

Nikaanza kumweleza habari za machela, za shuka, za msichana. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo. Akasema wale ni sanamu za mpira zilizojazwa mchanga, ndio majeruhi wao wa mtihani, na mmoja wao yeye mwenyewe ndiye aliyembeba. Wanamwita Shemeji, kwa sababu ni mzito na hasaidii kitu. Siku nyingine ningecheka.

"Haya," akasema. "Sauti umeisikia."

Akamrudishia ofisa simu. Ofisa akaanza tena kunipa pole, na hapo nikajua kwamba binti yangu hakusema kitu. Alikuwa amesimama pale analowesha sakafu ya watu, ameukumbatia uongo wangu kama alivyokuwa amembeba yule Shemeji. Hilo sikulikubali. Nikamwambia ofisa hakuna msiba, nimesema uongo, aandike jina langu na asiandike lake.  Akaniuliza jina langu linavyoandikwa, nikamtajia herufi moja moja. Akasema ila sheria ni sheria, atarudia.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anakata kucha, akaendelea kukata. Akauliza alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia hawakuniuliza.

"Yaani umenizika," akasema, "hata homa hukunipa."

Basi wifi akaja. Mnadhani alikuja kuomba radhi? Alikuja kusema sasa imeonekana, mtoto arudi nyumbani kabla hajarudi kweli kwenye shuka, tena ni aibu kwa ukoo mzima, mtoto katolewa mtihani kwa uongo wa mamake. Nikamwambia akili ilikuwa yake na mdomo ulikuwa wangu, kwa hiyo aibu naivaa mimi, na ameshaikuta imenienea, yeye atafute ya saizi yake. Lakini mtoto harudi. Atarudia.

Kwenye kundi la wazazi walinipa jina, Mama Msiba. Walitegemea nijitoe. Sikujitoa. Niliwaandikia kwamba ndiyo, ni mimi, na wale waliosambaza maneno ya shuka nao waseme ni wao. 

Barua ya Nahodha ilikuja baada ya wiki tano. Nusu ukurasa. Aliniambia tarehe ya mtihani wa pili. Aliniambia siku hiyo nizime simu yangu, nisipige popote, niende kazini. Akimaliza atapiga simu ya dobi, ile ya ukutani ambayo wodi zinapiga kuomba shuka, kwa sababu namba yake anaijua tangu shule. Mwisho aliandika: msalimie bibi, mwambie asife tena mpaka nimalize.

Siku ya kumaliza nilizima simu yangu, nikamkabidhi mama. Akaiweka chini ya mto wa kiti chake na akaikalia. Nikaenda kazini.

Saa tano wifi akatokea mlangoni pa dobi, jasho linamtoka. Simu yangu haipatikani, kwa hiyo kaja mwenyewe. Safari hii ni moshi. Wanne hawajitambui, dereva wa daktari fulani amesikia. Nipige sasa hivi, nidai haki yangu ya mzazi. Nilikuwa nadaka shuka. Mama Foronya alikuwa ameenda kupanga vigari, upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Kama huna kazi," nikamwambia, "shika ncha hizo."

Alishika. Sijui kwa nini, nadhani shuka ikikujia usoni lazima uishike. Tukarudi nyuma, tukakutana, tukakunja. Ya kwanza aliikunja kama anafunga mzigo wa kuni. Ya kumi ilikuwa afadhali.

Simu ya ukutani ikalia. Nikaikimbilia. Ilikuwa wodi ya wazazi, wanataka shuka arobaini. Ikalia tena, wa chumba cha upasuaji, wanauliza vitambaa vyao vya kijani. Ikafika saa sita. Ikafika saa saba. Mashine ikaendelea kutema shuka. Nami nawaambia ukweli, kila iliyokuja niliikagua kama ina kamba nyekundu, ingawa najua zile hazipiti pale.

Wifi akasimama, ncha mkononi. "Kimya hiki chote," akasema, "wewe unakielewaje?"

"Nakielewa kwamba mwanangu ana kazi," nikasema. "Vuta."

Saa nane kasorobo ikalia. Mama Foronya ndiye aliyekuwa karibu. Alisikiliza, akaning'inizia simu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akajifunika mdomo.

"Dobi?" sauti ikauliza.

"Dobi hapa."

"Nimemtoa Shemeji," akasema. "Na kile chumba kilichobaki nimekipita. Nimemaliza, mama."

Dakika ilikuwa moja tu. Akauliza bibi yukoje. Nikamwambia mzima, amekalia simu. Hapo ndipo alipocheka, na kicheko kikakatwa katikati, muda wake umekwisha.

Nilipogeuka, wifi alikuwa amejifuta uso wote kwa shuka. Nikamwambia hiyo ilikuwa imeshanyooshwa, airudishe kwenye kapu la kufua. Akairudisha.

Basi. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usipige namba ya msiba kama hakuna aliyekufa.

Usifungue kundi la wazazi siku ya mtihani.

Usiamini habari ya mtu aliyechungulia uzio.

Usibaki nyumbani. Kama huna kazi, nenda ukashike ncha za shuka za mwenzako.

Usimpe simu yako mtu anayeweza kukuonea huruma. Mpe anayeweza kuikalia.

Usimwache mtoto abebe uongo wako mbele ya mkubwa wake.

Usimwambie anayerudia mtihani kwamba arudi nyumbani.

Usiseme ulifanya kwa mapenzi. Mimi nilisema hivyo mwezi mzima, na zile saa mbili zilizombakia hakuna aliyemrudishia.

Usiongee sana akipiga. Dakika ni yake.