Miguu ya Mzee Byaruhanga

Atuhaire alipofikisha miezi minane, viganja vyake vilianza kuwa vigumu, vya rangi ya manjano. Mama yake, Laurensia, alivitambua mara moja. Vyake mwenyewe vilikuwa hivyo tangu utotoni, na kila kiangazi vilipasuka hadi kushika jembe kukawa mateso. Hakumwambia mtu. Alimvika mtoto soksi mikononi, na mumewe Kaijage alipouliza kama mtoto anahisi baridi, Laurensia akaangua kilio, akamvua mtoto soksi ili aone.

Kaijage si mtu wa maneno mengi. Kesho yake aliacha kahawa yake bila kuianika, akawapakia wote wawili kwenye pikipiki, wakatoka Nyabiyonza kwenda kliniki ya ngozi. Daktari, mama mmoja mpole, alivishika viganja vya Laurensia kwa mikono mitupu. Alieleza kwamba ugonjwa ule hauambukizi, wala si uchafu wala laana. Ni wa kurithi. Mzazi aliye nao huweza kumpa mtoto, au asimpe. Hauponi, ila unatunzika: kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kusugua taratibu kwa jiwe, kupaka dawa ya kulainisha. Mtoto angetosheka na mafuta laini tu.

Kisha akauliza ni nani mwingine kwenye ukoo aliye nao. Laurensia alisema hakuna, ila baba yake ana mikono migumu kwa sababu ya kulima.

"Miguu yake umewahi kuiona?" daktari akauliza.

Hakuwahi. Baba yake, Mzee Byaruhanga, alivaa gambuti hata kanisani.

Baada ya wiki mbili walikwenda Kimuli, nyumbani kwa mzee. Walimkuta mzee akipogoa migomba. Laurensia alimwamkia, akampa mjukuu ampakate, akamfunulia viganja vya mtoto. Mzee alivipapasa kwa kidole gumba.

"Mama yangu alifukuzwa kisimani kwa mikono kama hii," alisema. "Nikaona heri watu waseme ni jembe."

"Tata, nilidhani niko peke yangu duniani."

"Najua. Nilikukosea, mwanangu."

Laurensia alikuwa amekuja na hasira, lakini hakuweza kuiendeleza. Alikwenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu. Mzee alikataa, akakubali, akakataa tena, kisha akavua gambuti. Nyayo zilikuwa nene kama magome, zimepasuka hadi damu.

Zilipolainika, Kaijage alichutama akachukua jiwe. Mzee akavuta mguu kwa haya. Mkwe hagusi miguu ya baba mkwe.

"Tulia, baba," Kaijage alisema. "Nyumbani hii ndiyo kazi yangu kila jioni."

Mzee alitulia, akageuza uso upande wa migomba ili wasimwone machozi.

Mwezi uliofuata alikwenda kliniki mwenyewe. Akatibiwa fangasi walioletwa na jasho la gambuti, akashauriwa avae viatu vyepesi. Siku ya ubatizo wa Atuhaire alitembea polepole kwa ndala za ngozi, na jirani mmoja, Mukandekezi, akauliza mikono ya mtoto ina nini. Laurensia alifungua mdomo, lakini baba yake akamtangulia.

"Amenifuata mimi," alisema, akamkabidhi Mukandekezi mtoto ambebe.

Naye akambeba mpaka ibada ilipokwisha.