Bahati ya Kreti ya Soda

Vrajlal aliuza blanketi na nguo, lakini wateja wengi walitoka dukani kwake na sinema. Hiyo ilikuwa miaka ile ya walowezi, wakati Waafrika walikuwa bado wanaiita Eldoret Sisibo. Mhindi huyu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, hakuweza kukata kitambaa bila kusimulia picha aliyoiona sinema. Mtu akiuliza bei ya shuka, alijibiwa habari za bibi harusi aliyetoroka kwa farasi. Siku moja Kiptoo wa Cheptiret alikuja kununua koti la mvua. Alisikiliza picha nzima mpaka shujaa akafa, akaondoka akifuta macho na kulisahau koti kwenye kaunta. Vrajlal alichukua baiskeli akamfukuzia mpaka nje ya mji, akamrudishia koti lake, na hapo hapo barabarani akamwongezea kipande cha picha alichokuwa amekiruka.

Alikuwa na maoni, na hakuwa mchoyo nayo. Shujaa anayeonekana mwanzo kabisa wa picha alimwona hana thamani. Lazima watu wamngoje kama wanavyongoja mvua. Wimbo mzuri, alisema, huja pale ambapo mtu mwenye akili angekimbia. Adui asiye na masharubu alimdharau. Na kriketi kwake ilikuwa sinema ambayo hakuna mtu aliyeiona jana, ndiyo maana iliumiza zaidi. Mchezaji aliyekula wali kabla ya kushika bati, lile gongo la kupigia mpira, alimwita msaliti. Mwenye kutumia mkono wa kushoto asipelekwe uwanjani kwanza, kwa sababu jua la Eldoret halimpendi. Alitetea mambo hayo kama mtu anayetetea shamba lake mahakamani.

Nanzala, yaya wa mtoto wake Kishor, aliyasikia yote. Alikuwa mwanamke kijana kutoka pande za Bungoma, mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Timboroa. Alikuwa akikaa nyuma ya kaunta na Kishor mgongoni, anakunja vitambaa, masikio yote kwa Vrajlal. Alizijua picha zote za Kihindi zilizofika mji ule, na hakuwa ameona hata moja. Ukumbi wa sinema ulikuwa na amri yake: Mwafrika haingii, isipokuwa yaya aliyebeba mtoto wa wenyewe, tena kwenye onyesho la wanawake tu, Jumapili saa tisa. Kila picha nzuri ilipokuja, Kishor alikuwa na homa, au meno, au mvua ilikuwa imezidi.

Safari hii Mama Kishor, aliyeitwa Kanta, alimwahidi kabisa. Picha ilikuwa imeletwa na gari moshi kutoka Nakuru, ionyeshwe Jumamosi usiku na Jumapili alasiri, halafu ipande gari moshi tena iende Uganda, basi. Vrajlal aliiona Jumamosi. Jumapili asubuhi, Nanzala alipotoka kanisani na kufika kazini, alimkuta amesimama uani, macho mekundu kwa kulia, mdomo ameubana.

"Hii sikuambii," alisema. "Hata neno moja. Hii utaona na macho yako."

Nanzala alijua lilikuwa jambo gani kwa mtu kama huyo kunyamaza. Asubuhi nzima Vrajlal alizunguka kama sufuria inayotaka kumwaga maziwa. Mara mbili alianza, "Yule mama mkwe," akajiziba mdomo kwa mkono, akatoka nje.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mchezo. Wahindi wa Kitale walikuwa wamekuja na lori kucheza na Wahindi wa Eldoret kwenye uwanja ulio kando ya ukumbi wa sinema. Katikati ya nyasi walikuwa wametandaza jamvi refu la kuchezea. Kitale walicheza kwanza, wakakusanya mbio nyingi, maana huko pointi ni mbio. Eldoret walipoingia, mambo yaliharibika mapema. Kila mchezaji alipotolewa, watu walisema wiketi imeanguka, na wiketi zilikuwa zinaanguka kama maembe yaliyooza. Vrajlal alikuwa amekaa na wenzake chini ya turubai, uso umekuwa wa majivu.

Hapo ndipo Nanzala alipofika na Kishor. Kanta alikuwa ametangulia na wanawake wengine kushika nafasi ukumbini, akamwambia ambembeleze mtoto uwanjani mpaka karibu saa tisa, alete amelala. Hapakuwa na kiti, lakini Kipyego, aliyekuwa anavuta ile roli nzito ya kulainishia uwanja, alimgeuzia kreti tupu ya soda, akatandika koti lake juu ili mbao zisimchome. Nanzala akaketi.

Mpira uliofuata, kijana Dhiru aliupiga mpaka kwenye ua. Na uliofuata tena. Popatlal, mwuza mafuta ya taa, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aligeuka akatazama nyuma kuona ni nini kilichobadilika duniani. Akaiona kreti.

"Vrajubhai," alimwita Vrajlal kindugu, polepole, "huyo yaya wako amekaa lini?"

Mashabiki hao walikuwa na desturi yao: mambo yakienda vizuri, hakuna kuhama. Aliyesimama abaki amesimama, aliyekunja mguu asiukunjue. Mwaka uliopita Popatlal mwenyewe alibaki ameinua kikombe cha chai hewani mpaka chai ikaingia nzi, na mchezo wakashinda. Kwa hiyo Vrajlal alikuja mbio, akainama mbele ya Nanzala kama anayemwomba mkopo.

"Wewe kaa hapa hapa. Hapana simama. Hata mguu hapana sogeza."

Nanzala akakaa, na Vrajlal akaketi kando yake kumlinda. Dhiru na mwenzake wakaanza kupiga mpira kama wanaokung'uta godoro, na kila ulipopigwa Vrajlal alieleza jinsi ulivyopigwa: huu ulikuwa wa mkono laini, ule ulikuwa wa kiwiko, huo mwingine babu yake Dhiru angeuona angelia. Lakini Nanzala, aliyekaa kando yake, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mrusha mpira alipoanza kukimbia, Vrajlal alifumba macho kabisa, akashika uzi wa miwani. Alifumbua watu wakishaanza kupiga kelele. Mpira wenyewe hakuwa akiuona.

Katikati ya raha hiyo Kishor alijikojolea, maji yakapenya kwenye koti la Kipyego. Nanzala aliona aibu kwa ajili ya koti, akasahau kila kitu kingine. Alinyanyuka, Vrajlal akiwa amefumba macho, akaenda bombani nyuma ya miti, akamsafisha mtoto, akaisuuza ile ncha ya koti. Alipokuwa huko alisikia kishindo cha shangwe: Dhiru alikuwa ameupiga mpira mpaka ukavuka barabara ya udongo wa murram. Aliporudi na kuketi, mpira ulikuwa bado unatafutwa na watu wote wanatazama kule barabarani; ndipo Vrajlal akageuka. Alimwona mahali pake, akamwonyesha dole gumba kwa furaha.

Saa tisa ikakaribia. Kishor alikuwa amelala vizuri. Zilibaki mbio chache tu Eldoret washinde. Nanzala akanyanyuka, akajifunga mtoto mgongoni.

Turubai lote lilisimama. Popatlal alinyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe. Alisema mchezo utaondoka na huyo mwanamke, na kwamba sinema itakuja nyingine mwaka ujao, lakini Kitale wakishinda leo watalisema jambo hili mpaka kwenye mazishi yao. Wengine walimwambia Vrajlal amwamuru, si ni yaya wake. Nanzala alisimama katikati yao. Alijua kwamba neno moja la Vrajlal lingemrudisha kwenye kreti, na picha ingepanda gari moshi jioni ile bila yeye kuiona.

Vrajlal alimtazama Dhiru kule uwanjani. Akamtazama Nanzala. Miwani ilikuwa imepata ukungu.

"Nenda," alisema. "Nyimbo ya kwanza ndiyo tamu. Kimbia."

Nanzala alikimbia. Hakuwa amefika mlangoni aliposikia mlio mzito nyuma yake, kama watu wengi wamepigwa tumboni pamoja. Wiketi ilikuwa imeanguka. Mwenzake Dhiru ndiye aliyetolewa.

Mzee Khisa, bawabu wa ukumbi, mtu wa kwao Bungoma, alikuwa ameshika mlango kwa mguu ili usifungwe. "Ingia, mama, taa zinazimwa," alimwambia. "Mama Kishor ameniuliza habari yako mara nyingi."

Ndani muziki ulikuwa unaanza. Nanzala aliusikia, nywele zikamsimama. Lakini aligeuza shingo. Kule chini ya turubai Popatlal alikuwa anamnyooshea Vrajlal kidole, wengine wamempa mgongo, na Vrajlal ameketi peke yake chini kwenye nyasi, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Yeye aliyeacha picha nzuri bila kuisimulia asubuhi nzima, ili Nanzala asinyang'anywe utamu wake, sasa alikuwa ameketi vile kwa ajili yake.

"Mzee, nishikie mlango," alisema Nanzala.

"Nitaushika," alisema Khisa, "lakini picha siwezi kuishika."

Alirudi akikimbia, Kishor anarukaruka mgongoni na kuendelea kulala kama watoto wanavyoweza. Alifika mbele ya wale wanaume bila pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mwamuzi:

"Msimlaumu Baba Kishor. Mimi nilitoka kwenye kreti zamani. Ule mpira uliovuka barabara, mimi nilikuwa bombani naosha mtoto."

Popatlal aligeuka akaitazama kreti. Akasema haiwezekani, Vrajubhai alikuwa ameketi kando yake, angemwona akiondoka.

Jibu la hilo Nanzala alikuwa nalo, na hakulisema. Alitazama chini. Angeweza kuwa tayari yuko ndani, kwenye giza na muziki, lakini hakuweza kumvua mtu huyo nguo mbele ya rafiki zake.

Ni Vrajlal mwenyewe aliyeinua kichwa.

"Sikumwona," alisema. "Mimi nafunga macho."

"Lini?"

"Mpira ukirushwa. Kila mpira. Miaka yote." Alishika uzi wa miwani. "Naogopa kutazama."

Watu walimkodolea macho. Huyu ndiye aliyewaeleza kila pigo, kiwiko na mkono laini. Popatlal alianza kutikisika tumbo, na wote wakangoja acheke. Lakini alichosema ni kwamba yeye hutazama viatu vyake. Mwingine, karani wa posta, akakohoa akasema yeye huhesabu vifungo vya shati. Mwingine alikuwa anasali. Ikabainika kwamba chini ya turubai zima, kati ya watu walioweza kugombana wiki nzima juu ya mpira mmoja, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona Dhiru akipiga mpira mgumu. Kipyego peke yake ndiye aliyekuwa ameona, maana hakuna aliyemwambia kwamba ni hatari. Aliwaambia kwamba ulikuwa mzuri sana.

Wakacheka mpaka mrusha mpira wa Kitale akasimama kuuliza kama wanamcheka yeye. Popatlal alimvuta Vrajlal kwa mkono, akamsimamisha, akampangusa nyasi mgongoni, akamrudisha kwenye kiti chake cha mbele.

"Sasa wote tufungue macho," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Vrajlal alimgeukia Nanzala. "Wewe bado hapa? Mama mkwe ameshaingia. Kimbia, kimbia."

Akakimbia tena. Khisa alikuwa bado ameweka mguu mlangoni, na jasho linamtoka kwa sababu meneja alikuwa amepita na kumwuliza kama mlango umeharibika, naye akajibu ndiyo.

Ndani kulikuwa na giza, harufu ya mafuta ya nywele na karanga. Kanta alikuwa ametandaza mtandio wake juu ya nusu ya benchi na alikuwa anaulinda kwa kiwiko dhidi ya mwanamke mkubwa aliyeutaka. Alimvuta Nanzala akaketi, akamlaza Kishor mapajani pake mwenyewe ili Nanzala aone vizuri, akamnong'oneza haraka alichokosa: mke alifukuzwa na mama mkwe kwa uongo, miaka imepita, sasa amerudi nyumba ile ile, amejifunika uso na kujifanya mwuza bangili.

Nanzala aliinua macho. Hakuna aliyekuwa amemwambia, hata Vrajlal, kwamba watu wangekuwa wakubwa hivyo. Uso wa yule mwanamke ulijaa ukuta mzima, na chozi lake moja lilikuwa kubwa kama kibuyu. Aliimba, na ingawa Nanzala hakujua lugha, alijua kila alichokuwa anasema. Mwuza bangili alipiga magoti mlangoni. Mama mkwe, mzee sasa, aliketi mbele yake, akanyoosha mkono avishwe.

Hapo kukazuka kishindo huko nje. Honi za magari zikalia zote pamoja, lori la mizigo likalia, nguzo za turubai zikagongwa, na juu ya yote ikapanda sauti nyembamba ya Vrajlal ikitangaza kwamba mpira wa ushindi ameuona, ameuona kwa macho yake, umepita juu ya ua.

Wanawake ukumbini walifyonya. "Hawa wanaume hawana adabu," alisema Kanta, ambaye mume wake ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote.

Nanzala alinyoosha mkono bila kutazama, akamziba Kishor sikio asiamke. Kule ukutani bangili ilikuwa inapita kwenye vidole, polepole, na mkono wa mama mkwe ulikuwa umeanza kutetemeka.